Nilivyoivika laptop ya steshenari mablanketi ili Windows isisikie baridi ya Tukuyu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Kwa muda mrefu niliamini kwa moyo wote kwamba baridi ya Tukuyu inapunguza kasi ya kompyuta. Kwamba Windows ilitengenezewa watu wa joto, ikifika huku Rungwe lazima uipashe kwanza. Ninayosimulia ni kweli tupu. Nilipozidisha chumvi mtapajua wenyewe.

Habari hii nilipewa na Gwakisa. Tulisoma naye madarasa ya jioni, mimi nikitoka kubeba ndizi sokoni Matwebe, yeye akitoka kuzisafirisha kwa lori. Kila alfajiri analipasha moto lori lake kabla ya safari, la sivyo linakohoa mpaka Kiwira.

"Kompyuta nayo ni injini," akaniambia. "Umeona wapi injini ya huku ikaamka bila kupashwa?"

Nikaona mantiki. Cheti changu cha kompyuta hakikuwa na neno lolote kuhusu hali ya hewa.

Nilipohitimu nikapata kazi ya majaribio kwenye steshenari ya Bi Zuhura, pale Bulyaga. Kuchapa, kutoa kopi, mambo hayo. Laptop ilikuwa moja, mwendo wa bibi harusi. Unafungua Word, unakwenda kununua mahindi ya kuchoma, unakula, unarudi, kale kaduara bado kanazunguka.

Nikampa Bi Zuhura nadharia ya Gwakisa. Ukoo wake ulitoka Pwani, na ingawa kazaliwa hapa hapa, mpaka leo anavaa masweta mawili. Alinielewa kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Kesho yake akaja na blanketi.

Nikaivalisha. Nikatandika chini, nikazungushia pembeni, kikabaki kioo na keyboard, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mvua ikizidi, na Tukuyu inanyesha Januari mpaka Januari, naongeza chupa ya maji ya moto.

Hali ikawa mbaya zaidi. Nikaweka blanketi la pili. (Mnacheka, lakini si ndivyo dozi inavyopandishwa?)

Ikaanza kuzima yenyewe.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniambia, "mitihani imekaribia, walimu wote wanachapisha hapa. Ikizima mbele yao watahamia kwa jirani, na wewe utarudi Matwebe kwenye mikungu yako."

Sikulala vizuri.

Mitihani ikafika. Akaja Mwalimu Atupele kutoka Nkunga, na flash yake. Tulikuwa katikati ya kuprinti, laptop ikazima. Bi Zuhura akavua miwani. Wakuu, niliiona mikungu ya ndizi ikinipungia mkono.

"Humu nani anaumwa?" Mwalimu akauliza, macho kwenye mablanketi.

"Mashine. Ni baridi tu, Mwalimu," nikajibu kwa sauti ya daktari.

Akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa upesi kama aliyegusa kikaango. Akavua mablanketi yote, akampa Bi Zuhura ayashike. Akaiegemeza laptop juu ya vitabu viwili, hewa ipite chini, akasema tungoje ipoe.

Kuipoza mashine, Tukuyu, mwezi wa saba. Nikajua tunaizika.

Ilipowaka, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikafunguka Task Manager.

"Kaka, hapa unaona nani anakula nini. Operating system ni kama msimamizi wa kituo cha wakulima kuuzia majani ya chai. Hachumi yeye, anapanga nani apite kwenye mzani. Wakijazana wote asubuhi, foleni haisogei."

Kwenye Startup apps kulikuwa na umati: magemu, programu za printa tusizokuwa nazo, antivirus mbili zinazogombana. Akaweka Disable kwa zisizo na kazi ili zisijiwashe zenyewe, antivirus moja akaifuta kabisa. Kisha Restart.

Hapo nami nilijifunza kitu. Ukifanya Shut down, Windows za siku hizi mara nyingi zinatunza sehemu ya mfumo ili ziwahi kuwaka, kwa hiyo uchovu wa jana unaamka nao. Restart ndiyo inayoanza upya. Mimi nilikuwa nazima kwa kubonyeza kitufe mara moja, kama nazima taa ya chooni.

Mitihani ikatoka yote. Bi Zuhura akarudisha miwani usoni, na ndizi zikabaki Matwebe. Uzi huu nauandika kwa laptop hiyo hiyo, iko uchi kabisa.

Somo langu: mashine ikiwa nzito, angalia Task Manager kabla ya kumuuliza dereva wa lori. Na wewe uliyewahi kumezeshwa uongo wa kompyuta, umwage hapo chini, nisichekwe peke yangu.

Ila siku ile nilikuwa bado mbishi. Nikamsindikiza Mwalimu mpaka mlangoni, nikamwambia, "Lakini tukubaliane, imefanya kazi kwa sababu tulishaipasha."

Akafungua mwavuli wake taratibu.

"Kaka, baridi hii kompyuta inaipenda. Ikipata joto inapunguza mwendo isiungue, likizidi inajizima. Kilichokuwa kinaiua ni blanketi lako."