Chuma cha Kujishikia Katika Bafu la Mama

Siku niliyovunja kwa nyundo kazi ya mikono yangu mwenyewe, mwanangu, naikumbuka vizuri. Vita ya Kongo ilikuwa bado inanguruma ng'ambo, Bukavu, na sisi huku Kamembe, upande wetu wa mto, tulikuwa tunajenga upya. Tulijenga kwa hasira. Mimi sikusoma, shule niliiacha darasa la nne, lakini mwiko wa uashi ulinikubali.

Mama yangu magoti yalikuwa yamechoka. Bafu letu la uani lilikuwa jembamba, ukiingia na ndoo huna pa kuweka kiwiko, na kizingiti chake kirefu kama cha zizi la mbuzi. Alianguka mara mbili. Dada yangu akaja kutoka Bugarama, akasema, "Maman akishindwa kuoga peke yake, namubeba kwangu."

Mama akamjibu, "Gasarabwe na panga yake alishindwa kunitoa mu hii nyumba. Sasa bafu ndiyo itanitoa?"

Gasarabwe namtaja kwa jina, wala sioni haya. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hadi mwaka wa mauaji. Ndiye aliyemuua baba, ndiye aliyempiga mama panga la mkono wa kuume, kisha akavuka mto kwenda Kongo na mabati yetu. Wanaoniambia "ilikuwa vita tu" siwajibu. Vita haina uso, yeye anao, na ninaujua.

Basi nikashika kazi. Nilisogeza ukuta hatua moja, nikaondoa kizingiti, nikamwaga sakafu ya simenti yenye mikwaruzo isiteleze, nikajenga na kiti cha matofali. Kando yake nikatia chuma kinene cha kujishikia. Nikaning'inia mzima mzima, hakikutikisika! Mama sikumuuliza hata neno. Kwetu mtoto wa kiume hamuulizi mama yake anaogaje, ni aibu. Nikajiambia, mgonjwa haulizwi uji.

Nikaita majirani waje waone ufundi. Mama akaingia na nguo zake mwilini, akakaa, akakitazama kile chuma upande wa kuume. Mkono ule alizoea kuuficha ndani ya kitenge. Kidonda kilikuwa kimefunga zamani, nami nikadhani nguvu nayo ilirudi. Akautoa mbele ya wote. Vidole havikukunjika.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi mwanawe, "hii chuma ulijengea mukono ya nani? Yangu, ao yako?"

Majirani wakacheka, kisha wakautazama tena ule mkono. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Usinililiye kama bibi-arusi. Leta nyundo. Na kipande ya makala."

Nikavunja. Yeye amekaa pale pale, vumbi kichwani, anachora ukutani kwa kile kipande cha mkaa, kwa mkono wa kushoto: hapa najiinulia, hapa sabuni, hapa ndoo isipite goti. Fundi siku ile alikuwa yeye.

Nikakitia chuma upya kushoto, pale alipochora. Simenti ilipokauka akaingia peke yake, akafunga mlango. Dada alisimama nje, nguo za mama ameshazifunga tayari kwa safari. Tukasikia maji. Tukasikia sauti: "Weye, rudi Bugarama! Mupunga yako inaliwa na ndege!"

Miaka kumi na miwili mama alijiogesha mwenyewe. Hakuoshwa na mtu ila siku alipokuwa maiti, na alifia kwake. Nikipita mbele ya nyumba ile natembea kifua mbele, sikufichi.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimjengea mzee, muulize kwanza. Muulize ni mkono upi, ni goti lipi, hata kama katika jibu lake kuna jina la muuaji. Mimi nilinyamaza nikadhani namheshimu, kumbe namwacha peke yake na jeraha lake. Na ukikosea, vunja mchana, watu wakikuona.

Mungu akupe wazee wa kuwajengea. Nawe ukizeeka, uingie bafuni kwako kwa miguu yako, na kwa miguu yako utoke.