Jiwe la Babu Mzungu

Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu Embu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana nina jina la mzungu. Alikuja kusimamia kahawa karibu na Runyenjes, akampenda nyanya yangu, au alisema anampenda, kisha akarudi Uingereza mimba ikiwa ya miezi mitano. Alimwachia bahasha yenye jina lake na la kijiji chao.

Baba alikua akiitwa "mzungu" sokoni na hakuwahi kukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Aliniita "baba", kama wanaume wa kwetu wanavyomwita mtoto mwenye jina la baba yao. Mwaka jana, figo zilipoanza kumsumbua, aliniomba kitu kimoja: nimtafutie kama yule mzee aliwahi kumtaja.

Niliandikia kanisa la kile kijiji. Karani wao, mama mwenye moyo mzuri, alizunguka makaburini kwenye mvua akanitumia picha. Niliifungua nikiwa shambani, katikati ya mikahawa, nikaona jina langu limechongwa kwenye jiwe. Chini yake: baba mpendwa wa watoto watatu, na majina yao.

Baba hakujua Kiingereza. Alishika simu kwa mikono miwili, akagusa kioo picha ikapotea, nikamrudishia.

"Baba, hilo jiwe linasema nini?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Nimelelewa kanisani, na uongo haunitoki vizuri. Lakini alikuwa ameniita baba, nikamjibu jinsi baba yake alivyopaswa kumjibu.

"Linasema alikuwa na watoto wanne."

"Kwa hivyo alinihesabu," akasema. Siku hiyo alimaliza uji wote.

Tulimzika baada ya mavuno. Wasifu wake alikuwa ameniambia mwenyewe jinsi ya kuuandika, nikausoma mbele ya jeneza: alikuwa wa kwanza katika watoto wanne wa baba yake. Dada yangu, ambaye ameiona ile picha, aliinamisha kichwa.

Hadi leo mtu akiniita kwa jina sokoni, moyo unaniuma kabla sijageuka. Ningemsamehe babu mambo mengi, hata kuondoka. Hiyo "watatu" siwezi.