Keki Mbili za Mwalimu Wiebren

Ijumaa mwalimu Baukje wa darasa la kwanza alilia kwa furaha. Jumatatu asubuhi alikuwa karibu kulia tena, ila safari hii furaha haikuwemo.

Ijumaa hiyo mwenzake Wiebren, anayefundisha darasa la mwisho, alitangazwa kule mjini Utrecht kuwa mwalimu bora wa nchi nzima. Nchi nzima, jamani! Kutoka kashule ka kijijini karibu na mji wa Sneek, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Baukje alipiga kelele mbele ya televisheni mpaka mumewe akamwaga kahawa. Chanda chema huvikwa pete. Na Baukje ndiye aliyempokea Wiebren alipokuja shuleni, kijana mwembamba anayetetemeka, asiyejua hata kulinyamazisha darasa. Sasa walikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Kwao mtu akipata heri hupongezwa yeye na jamaa zake wote, kwa hiyo Jumamosi sokoni Baukje alishikwa mkono na kila aliyepita. "Hongera kwa Wiebren wenu!" Akapokea hongera hizo kama mama wa bwana harusi. Ndipo muuza jibini akaongeza, "Nasikia kuna ofisi kubwa kule mjini Hague inamtaka. Mtam-miss sana, eti?"

Hapo kitumbua kikaingia mchanga.

Ampigie simu amuulize? Thubutu! Watu wa jimbo lao la Friesland hawaulizani mambo hayo, wanasubiri keki. Huko mwenye jambo ndiye anayeileta. Umeshinda, leta keki. Unaondoka, leta keki vilevile. Ukimtangulia kumpelekea wewe, ni sawa na kumwita bahili mbele za watu.

Basi Jumatatu Wiebren akaingia chumba cha walimu, nywele timutimu, mikononi ana maboksi mawili.

Mawili! Baukje akayahesabu tena. Moja la ushindi, hilo linajulikana. La pili la nini, kama si la kuagia?

"Mgema huyo anaingia!" akapayuka Gosse, mwalimu wa michezo. "Tumemsifu mno, sasa tembo atalitia maji!"

"Tulia, Gosse," Wiebren akamjibu. " Wewe hujawahi kusifiwa, na tembo lako ni maji matupu."

Wakacheka. Wiebren akafungua boksi la kwanza: keki ya maganda ya chungwa yenye sukari ya rangi ya waridi juu, ile wanayoipenda wote. Wakagawiwa na kahawa. Baukje akakiweka kipande chake kando. Macho yake hayakubanduka kwenye boksi la pili, na mwisho uzalendo ukamshinda.

"Wiebren, mdogo wangu, usinizungushe. Hilo jingine ni la kutuaga?"

Wiebren akamsogezea boksi lile.

"Hilo si langu, dada. Ni lako."

"Langu kwa lipi?"

"Majaji waliniuliza, watoto wako umewafanyaje wakapenda vitabu namna hii? Nikawaambia mimi sijawafanya kitu, wananifikia wakiwa wanavipenda tayari. Kuna mwanamke anawapokea wangali wanalilia mama zao, na kazi yote anaimaliza yeye. Kwa hiyo na wewe umeshinda. Na mshindi huleta keki. Nilijua utakuja mikono mitupu, bahili wewe, nikakununulia."

Watu wakaangua kicheko na kupiga meza. Baukje hakucheka.

"Na Hague?"

Wiebren akaacha mzaha. "Wameniita, kweli. Nimewaambia nitakuwa nawaendea kila Jumatano mchana tu, watoto wakishatoka; siku nyingine zote niko hapa. Wakitaka zaidi ya hapo, wamchukue Gosse."

"Nauli watanipa?" Gosse akadakia, lakini hakuna aliyemsikiliza, maana Baukje alikuwa amekwisha kulifungua boksi lake na kushika kisu. Watu wa Friesland hukata keki vipande vyembamba, kahawa na kipande kimoja, basi. Yeye alikata mapande kama matofali, machozi yakimtiririka bila haya, na pande la kwanza akamsukumia Wiebren.

"Kula," akamwambia. "Kula, mwizi wa usingizi wewe. Tangu Jumamosi nilikuwa najaribu kuzoea kutokuwepo kwako, na sijaweza."