Kadi ya Mfinyanzi

Fundi wa fremu hana picha hata moja iliyotundikwa ukutani mwake. Karakana yake imejaa mabaki ya mbao na vipande vya kadibodi nene, na katikati pana meza moja kubwa: siku za kazi hukatiwa vioo, Jumamosi alasiri hupiganiwa vita. Nilimpelekea ramani ya zamani aitie fremu. Niliporudi kuichukua nilimkuta ameiinamia, rula mkononi.

"Samahani," akasema, "nilikuwa natafuta mahali pa kuvushia jeshi."

Watu wa aina hii nimewakuta katika miji mingi na lugha nyingi, na sijawahi kuwaaga mapema. Nikavuta kiti.

Vita anavyovitengenezea mchezo ni vya hapohapo mjini, vya enzi za mababu. Jeshi la bondeni liliuzingira mji wa juu, mto ukiwa katikati, na kila aliyepita shule anajua yalivyokwisha: adui alivuka alfajiri moja mahali ambapo hakuna aliyedhani panavukika, na mji ukaanguka kabla umande haujakauka. Nani aliyewaonyesha kivuko, vitabu havisemi.

Kwa mtunga mchezo, ukimya huo ulikuwa balaa. Fundi alikwishatunga sheria za njaa, za mvua, hata za askari wanaonuna wakikosa viatu. Lakini kila walipocheza, jeshi la bondeni lilizama na mji ukashinda. Kiongozi wa jeshi hilo, mwanamke mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, akachoka.

"Jemadari," alimwambia fundi. Humwita hivyo kwa utani, maana mwenyewe anamwogopa hata mbwa wa jirani. "Hii si vita, ni adhabu. Kila Jumamosi nafunga duka nije kuzamisha watoto wa watu."

"Wafundishe kuogelea," akasema shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wa fundi, dereva wa lori na mlinzi wa mji wa juu. Kwa makelele aliyo nayo, mji wake haukuhitaji ukuta.

"Nyamaza wewe. Anayeshinda ni mto. Mpe mto nishani."

Fundi aliahidi kurekebisha. Kuupunguza mto nguvu kungekuwa kuidanganya historia. Alichohitaji ni kisa cha pembeni: mtu mdogo, mwenye sababu zake, ambaye vita vingeweza kumkumba au kumpita.

Alikipata kidevuni mwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa amehamia kwao tangu alipougua. Mikono ilimtetemeka, wembe haukushikika. Na katika nyumba nzima, mwenye mkono uliotulia ni fundi, anayekata kadibodi siku nzima asipotoke hata unywele. Mwanzoni waliona haya wote wawili, mkwe kumshika mkwe kidevu. Baadaye wakazoea. Asubuhi moja, povu likiwa bado limefunika shavu moja, mzee akasema:

"Mwanangu, huo mchezo wenu. Kile kivuko."

"Ndiyo, baba."

"Alikionyesha babu yangu."

Babu huyo alikuwa mfinyanzi. Kwa kuchimba udongo kingoni maisha yake yote, aliujua mto ulivyolala chini ya maji. Watu wa bondeni walimteka mwanawe wakampa la kuchagua. Basi akaingia mtoni gizani, mtungi mtupu kichwani, askari wakimfuata: mtungi usipolowa, na wao watapita. Mtoto alirudishwa mzima. Lakini majirani hawakumsemesha tena mfinyanzi yule mpaka anaingia kaburini.

"Sijamwambia hata mwanangu, huyo shemeji yako," mzee akamaliza. "Na wewe usimwambie."

"Sitasema, baba."

Alimaanisha. Ila alipokuwa akisuuza wembe, kichwa chake kilikuwa tayari kinatunga: dadu mbili, saba kwenda juu, mtungi mkavu. Alifurahi. Furaha hiyo ndiyo inayomtafuna hadi leo, kuliko yote yaliyofuata. "Mtu ananikabidhi jeraha la ukoo wake," aliniambia, "nami nasikia kama nimeokota kipande cha mbao kilichokaa sawasawa kwenye pengo."

Alijifariji kwamba hakumtaja mtu, na kwamba kadi si mdomo. Mtoto alimwacha nje. Mtoto hapigani, hali chakula cha kuhesabika, hana mraba wa kusimama kwenye ramani. Sheria njema haibebi mzigo usio na kazi.

Jumamosi niliyokuwapo, kadi zilikwishagawiwa kwa siri ndipo mlango wa nyumbani ukafunguka, mzee akaingia karakanani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepata nguvu, anataka kuona vijana wanafanya nini. Walimpa kiti karibu na mlango. Nilimwona fundi akibadilika rangi, nikadhani ni heshima tu kwa mkwe. Kadi ilikuwa tayari mkononi mwa muuza dawa.

Naye hakuchelewa. Aliilaza mezani akaisoma kwa sauti ya mtu aliyezama majuma mengi:

"Mfinyanzi. Anaingia mtoni na mtungi mtupu kichwani. Tupa dadu mbili. Saba au zaidi, mtungi haukulowa, jeshi linavuka."

Dadu zikaviringika. Nane. Akaanza kusukuma kete zake kuvuka mto, moja moja, taratibu, ili shemeji aumie vizuri.

"Mfinyanzi gani?" shemeji akaruka. "Katoka wapi huyu?"

"Katoka kwenu huko juu. Mngemtunza."

"Jemadari, naweza kumnyonga?"

"Unaweza," fundi akajibu kwa sauti ndogo, kwa kuwa ndivyo alivyoandika: mji ukimnyonga msaliti, ari ya askari inapanda.

"Basi namnyonga! Na mtungi wake nauvunja. Mtu kama huyo hana hata ukoo. Nani akubali kusema, huyu wetu?"

Tukacheka. Fundi alikuwa anaikodolea chupa ya gundi.

"Na mtoto?" mzee akauliza kutoka mlangoni.

"Mtoto gani, baba?" akasema shemeji.

Mzee hakumtazama mwanawe. "Namuuliza mwenye mchezo. Mtoto yuko wapi?"

"Sikumweka, baba," fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Hana... hana kazi kwenye mchezo."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama aliyefika dukani akaambiwa bidhaa imekwisha. Akashika mwimo wa mlango, akainuka, akaingia ndani.

"Mzee kachoka," akasema shemeji. "Haya, zamu ya nani?"

Fundi akasema kichwa kinamuuma kwa harufu ya gundi, tukatawanyika. Yaliyobaki alinisimulia nilipokwenda tena kuchukua ramani yangu, ambayo hadi siku hiyo alikuwa hajaitia fremu.

Alimfuata mzee chumbani, akasimama, hakuthubutu kuketi. "Nimekosa, baba. Ile kadi nitaichoma."

"Ya nini? Wameshaisikia."

"Sikumtaja jina."

"Hukumtaja. Umemtoa hadharani bila mwanawe. Ama ungenyamaza, ama ungesema yote."

Asubuhi iliyofuata fundi alichemsha maji kama kawaida, akaleta taulo na wembe uani. Mzee akageuza uso.

"Mwite mwanangu."

Shemeji akaja na fulana, akipiga miayo. "Mimi? Baba, mimi naendesha lori, siendeshi wembe. Nikikukata?"

"Utanikata. Kaa."

Fundi akamkabidhi wembe, akaenda karakanani, ambako dirisha linafungukia uani. Akakata kadi mpya. Juu yake akaandika Mtoto, kisha akakwama. Hakujua ampe namba gani. Nje wembe ulikuwa unakwaruza kwa kusitasita, na shemeji anatania, "Baba, hapa pana makorongo, ningejua ningekuja na gari dogo." Mzee akacheka kidogo. Halafu fundi akamsikia anasema:

"Babu yangu alikuwa mfinyanzi. Hilo hulijui."

Wembe ukasimama.

"Nyoa," mzee akasema. "Sikiliza huku unanyoa."

Fundi akaweka kisu chini. Akainuka, akafunga dirisha, ingawa mezani gundi ilikuwa bado mbichi na ilihitaji hewa.