Tumbaku Iliyokanyagwa Mlangoni pa Dansi

Severina alianza kuchambua tumbaku akiwa msichana, akaolewa akiichambua, na mumewe alipofariki kwa kichomi alirudi ghalani siku ya nane, maana msimu ulikuwa umepamba moto na mwenye shamba hakuwa mtu wa kungoja. Shamba lilikuwa la mlowezi mmoja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Iringa. Wanawake kama arobaini waliketi ghalani kuanzia asubuhi, baridi ikiwatafuna vidole, wakitenga majani: yenye rangi ya limau huku, ya chungwa kule, ya kahawia pembeni. Severina alikuwa akilishika jani tu, kabla hata ya kulitazama, keshajua ni la daraja gani.

Naye alivuta. Mama yake alivuta kiko, bibi yake alivuta kiko, na yeye alisokota chengachenga za tumbaku kwenye kipande cha gazeti, akavuta nyuma ya ghala wakati wa mapumziko. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Starehe yake ilikuwa moja: dansi la Jumapili mchana. Nyuma ya soko kulikuwa na ukumbi wa mabati ulioendeshwa na kamati ya makarani. Kuanzia saa tisa hadi jua linapozama, bendi ya Alawi, mpiga saksafoni aliyetoka Tanga, ilipiga rumba, na mtu yeyote aliyekata tiketi alicheza. Severina alipenda kucheza kuliko kula.

Jumapili moja ya Juni, mwaka wa hamsini na saba, alifika pale na Marta, mwenzake wa ghalani. Mlangoni alisimama Saulo, askari wa zamani aliyepigana Burma. Alitoka kijiji kimoja na marehemu mume wa Severina, kwa hiyo walitaniana siku zote. Siku hiyo hakutania. Marta alipita. Severina akazuiwa kwa mkono.

"Shemeji, ngoja kidogo. Umebeba tumbaku?"

"Ninayo. Kwani leo ndiyo umeijua kazi yangu?"

"Haiingii."

"Basi nishikie. Nitaichukua nikitoka."

Saulo akatazama chini. "Si tumbaku peke yake, shemeji. Mwanamke anayevuta haingii. Kamati imesema hivyo tangu jana."

Severina alidhani hajasikia vizuri. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona moshi umetanda chini ya mabati, mzito, hata wapiga ngoma hawaonekani sawasawa. Wakati huohuo vijana wawili wakampita, kila mmoja na sigara mdomoni, na Saulo akawapisha.

"Na hao?"

"Hao ni wanaume."

Kabla hajajibu alitokea katibu wa kamati, Philbert, karani wa ofisi moja ya pale mjini, suti imenyooka na sigara iko katikati ya vidole. "Kuna nini hapa? Mama, hapa ni mahali pa watu wastaarabu. Mwanamke kutoa moshi puani ni aibu kwa mji mzima. Halafu hiyo harufu ya ghalani, lo! Nani atacheza nawe?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Philbert akaona amepata watazamaji. Akamnyang'anya Severina kifuko chake cha kitambaa, akakifungua, akamwaga tumbaku yote chini, akaikanyaga na kuisaga kwa kisigino mpaka ikachanganyika na tope.

Severina hakulia. Akaitazama ile sigara mkononi mwa Philbert.

"Hiyo unayovuta, unadhani nani kaichambua? Mama yako?"

Kicheko kikakatika. Philbert akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. "Amri imeandikwa pale. Kasome." Alijua kabisa kwamba Severina hajui kusoma.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwalimu Edmund, na mkewe Esta. Severina akamgeukia, akamwamkia kwa Kihehe. "Kamwene, mwalimu. Hebu nisomee karatasi ile."

Edmund akamtazama Philbert, akakohoa. Esta akamsukuma kidogo kwa kiwiko. Basi akasogea, akasoma kwa sauti: "Kwa sababu ya hatari ya moto, ni marufuku mtu yeyote kuvuta sigara au tumbaku ndani ya ukumbi."

"Mtu yeyote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mwanamke katajwa wapi?"

"Hajatajwa."

"Saulo!" Severina alipaza sauti hata bendi ikasita. "Fanya kazi yako! Ingia uwatoe! Anza na huyu katibu, kisha yule mwenye kofia pale dirishani, kisha mweka hazina wenu, namwona, ana mbili, moja mdomoni na moja sikioni! Watoe wote, ndipo mimi nitaondoka!"

Saulo hakusogea. Philbert alibambua ile karatasi ukutani, akaikunja na kuitia mfukoni. "Kamati itaandika nyingine," alisema. "Mtoe mama huyu." Na Saulo, rafiki wa mumewe, akamshika mkono Severina akamsogeza barabarani. Mwalimu Edmund akaingia ndani na mkewe, na muziki ukaendelea.

Marta alimkuta anatembea peke yake kwenye barabara ya shambani, anasema maneno ya Kihehe ambayo mama mtu mzima hayatamki mbele za watu.

Jumatatu ghalani Severina alisimulia. Hakuongeza chumvi, hakukuwa na haja. Wengi wa wanawake wale hawakuvuta kabisa, lakini wote walinuka tumbaku, nguo, nywele, hata maziwa waliyonyonyesha watoto. Waliposikia neno "harufu ya ghalani" mikono ikasimama juu ya majani.

"Mimi siendi tena," alisema mmoja.

"Hakuna anayekwenda," akasema Marta. "Wacheze na viti."

Jumapili iliyofuata ukumbi ulikuwa na wanaume watupu na wake wachache wa makarani. Ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Alawi akaiambia kamati kwamba hakutoka Tanga kuja kuwapigia wanaume rumba wakikodoleana macho, huku baridi ikimpasua midomo.

Wiki ya nne Philbert alikuja shambani kwa baiskeli. Alimwita Severina nyuma ya ghala, mahali ambapo hakuna mtu, akazungumza kwa sauti ya chini. Alisema ilikuwa hasira tu. Alisema wanawake wanaovuta wataruhusiwa, ila wavutie nje uani.

"Na wanaume?"

"Wanaume kama kawaida, ndani."

"Basi rudi na baiskeli yako."

"Haya, wote watavutia nje. Na mimi naomba radhi."

"Unaniomba radhi nyuma ya ghala?" Severina alimkatiza. "Ulinitukana mlangoni, watu wamejaa. Njoo mlangoni, Jumapili, watu wamejaa, useme hayohayo."

"Mama, mimi ni mtu mwenye cheo. Siwezi."

"Kama huwezi, sikusikii."

Amri ilibadilika kweli. Wanaume walitolewa nje uani na sigara zao, wakinung'unika na kuinua kola za makoti kwa baridi, na wanawake wa ghalani wakarudi kucheza. Marta naye alirudi. "Twende, dada. Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini? Nenda tu, mimi sikukatazi. Lakini yule hajasema."

Hakukanyaga tena pale. Msimu ulipokwisha alihamia Mbeya kwa dada yake, Ikupa, aliyepewa jina hilo na baba yao wa kambo, Mnyakyusa, akafungua kibanda cha chai karibu na stendi ya malori.

Mwaka wa hamsini na tisa, dereva mmoja anayeitwa Liberatus alikuwa akinywa chai pale, akausifu ukumbi wa Iringa. "Katibu wao ni muungwana sana. Husimulia mwenyewe jinsi alivyosimama imara, akakataza hata wakubwa kuvuta ndani, kwa heshima ya akina mama."

Severina aliweka birika chini kwa kishindo, chai ikamwagika mezani. Alimsimulia Liberatus yote, tangu mkono wa Saulo mpaka kisigino kile kwenye tope, sauti ikipanda mpaka wateja wa kibanda cha jirani wakageuka. Alipomaliza alikuwa anahema.

"Ukimwona," alisema, "mwambie Severina yuko Mbeya, mzima wa afya, na bado anamngoja mlangoni."

Liberatus akacheka, akidhani ni utani. Severina hakucheka. Aliyarudia maneno hayo mara mbili, na akamtaka ayatamke yeye mwenyewe, neno kwa neno, kabla hajamwacha aende kwenye lori lake.