Mto Ndani ya Mshono

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na sijaona mtu wa kazi ya kukaa asiyejua kukaa kama yeye. Anashona upindo mmoja, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi, anainuka tena. Mimi nashona vifungo na kupiga pasi katika chumba hichohicho, kwa hiyo nami roho yangu imekuwa juu juu kwa miaka. Wateja wanamwita Miguu Moto.

Ugonjwa wake ni milima. Anataka kuitembea yote, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kupitia upande usio na barabara, duka wala mtu wa kumuuliza njia. Hema ameshona mwenyewe. Mkoba aliushona, akaufumua, akaushona tena uwe mwepesi zaidi. Aling'oa hata mifuko ya suruali yake ya safari, eti ni mzigo. Asubuhi anapanda na kushuka ngazi za jengo akiwa na pasi mbili za chuma mgongoni, na mlinzi ameshachoka kumpa pole.

Ramani ilikuja vipande vipande. Mtu mwingine angevibandika kwa gundi. Yeye, kwa haraka zake, aliviweka juu ya kitambaa chembamba bila hata kuvisoma, akaviunga kwa cherehani na kuacha nafasi ya mshono ya upana wa kidole, kama anavyounga mgongo wa koti. Ilitoka safi kabisa. Safari yote akaipangia juu ya ramani hiyo.

Ikabaki ruhusa ya mkewe, dada yangu. Kaka yetu alichukuliwa na mto akivuka kwenda kazini, na tangu hapo dada ana sharti moja tu kwa mumewe: milima aende, mto asivuke. Shemeji akaifunua ramani yake, akaapa kwamba njia nzima ni nchi kavu. Dada akakubali. Ila tangu siku hiyo akawa anampakulia chakula bila neno, akimaliza anampa kisogo. Nilidhani ni hofu.

Juzi shemeji alinipa ramani niinyooshe kwa pasi ya moto mdogo. Nikaigeuza nilaze mishono, mazoea ya kazi, na kwenye ukingo uliofichwa nikaona buluu. Nikamwita. Akafumua kwa wembe. Nchi iliyokuwa imemezwa ikafunguka, na katikati yake mto mpana, usio na alama ya daraja, umeikata njia yake.

Akazunguka chumba. Akanitazama, kisha akatazama cherehani. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi niliwaza hivyohivyo: mshono mmoja tu, na hakuna atakayejua.

"Shemeji, usithubutu," nikamwambia.

Aliikunja ramani, akapanda ngazi kwenda nyumbani kwake, orofa ya juu. Nikamfuata bila kualikwa.

Dada alikuwa anakunja nguo. Shemeji akaitandaza ramani juu ya nguo hizo.

"Kuna mto," akasema. "Uliingia ndani ya mshono. Sikuuona, mke wangu, naapa."

Dada akalikunja shati alilokuwa ameshika.

"Mimi niliuona. Siku ile uliyaacha makaratasi ya ramani mezani ukaenda kutafuta kitambaa. Niliyapitia moja moja nikitafuta mto, nikaupata. Uliporudi na ramani isiyo na mto, nikajua umeuficha."

"Na bado ukanikubalia?"

"Nilikukubalia. Nilisema moyoni, kama amefika mahali pa kunidanganya kwa hili, hata nikifunga mlango, ameshaondoka."

Mimi nilitamani ardhi inimeze, na nilimwonea dada huruma kwa wiki zote alizolala na jambo hilo peke yake.

Dada akafuta macho kwa shati lililokuwa mkononi mwake. Kisha akasukuma nguo pembeni, akaivuta ramani karibu, na kuweka kidole juu ya ile buluu.

"Haya," akasema, "nionyeshe utavukia wapi."