Nani Alifunga Breki Zangu?

Assalamu alaikum nyote mnaosoma. Naitwa Safia, muuza maziwa ya ngamia wa mtaa wa Waberi, hapa Garissa mjini. Naandika nikiwa nimekaa kwa sababu kusimama kwa muda mrefu bado siwezi. Wanawake niliolazwa nao wodi moja waliniomba nieleze nilivyopona, ili wengine waliovunjika wapate moyo. Nitaeleza. Lakini msitarajie maneno ya asali tupu. Mungu nimemshukuru na nitazidi kumshukuru, ila nina hasira, na nikiificha nitakuwa nimewapa nusu ya habari.

Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa mbio. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, nikaingia kwenye biashara ya maziwa. Miaka mingi nilisafiri juu ya malori, nimekaa juu ya magunia ya watu, upepo na vumbi vyote vyangu. Nilipopata gari langu, gari la mitumba kutoka ng'ambo kama mengine yote mnayoyaona, nililia barabarani kama bibi harusi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilishika barabara ya Modogashe, nikakusanya madumu kwa wanawake wa kwenye mifugo, na jua likikaza nilikuwa nimesharudi sokoni. Sikuwa na shinikizo la damu wala sukari. Nilibeba dumu mkono huu na dumu mkono ule, na ulimi ukiendelea kubishana na wateja.

Siku moja nikapigiwa simu kutoka Nairobi. Msichana mwenye sauti laini akasema, "Mama, magari ya aina yako yameitwa na kiwanda. Paipu za breki zina kasoro. Tutakubadilishia bure, na mafundi watakuja huko huko Garissa."

Wahenga walisema rahisi ghali. Bure hawakuitaja, nadhani waliogopa.

Nilikwenda. Uwanja wa gereji ulikuwa umejaa magari yanayofanana na langu. Mafundi walikuwa wawili, wamevaa maovaroli mapya, na kazi yao kubwa ilikuwa kutazama jua. Mmoja alimwambia mwenzake, bila kujali kama tunamsikia, "Fanya haraka, mimi silali hapa." Tukacheka. Tumezoea watu wa Nairobi wanaodhani Garissa ukilala huamki. Gari langu walikuwa chini yake muda wa mtu kunywa chai. Wakatoka wakipangusa mikono.

"Hamlijaribu kwanza barabarani?" nikauliza.

"Mama, liko sawa. Enda tu."

Walio nyuma yangu nao wakaambiwa hivyo hivyo. Jua lilipoanza kushuka wale mabwana walikuwa wameshavuka daraja la Tana, wanarudi Nairobi.

Breki zilishika vizuri siku za mwanzo, na hili nalisema kwa sababu baadaye waliniuliza kwa nini sikugundua. Ningegundua nini? Mimi nauza maziwa. Asubuhi ile nilikuwa narudi na madumu yamejaa. Mbele yangu ngamia walikuwa wanavuka barabara, taratibu, kama kawaida yao. Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Nikakanyaga tena, na tena. Nikavuta handbreki, gari likazunguka. Mbele yangu kulikuwa na ndama na mama yake. Nilimkwepa ndama. Mama yake nilimgonga, akaja juu ya boneti, kioo kikaingia ndani, na gari likatumbukia mtaroni.

Niliposikia tena sauti, ilikuwa pumzi yangu mwenyewe inapiga mluzi. Mbavu zilikuwa zimevunjika. Meno ya mbele yalikuwa mdomoni lakini hayakuwa mahali pake. Mfupa wa muundi wa kulia ulikuwa umetoboa ngozi na kutoka nje, una mchanga. Maziwa yalikuwa yamenimwagikia mwili mzima, yamechanganyika na damu, na nzi walifika kabla ya watu.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwenye ngamia, Mzee Gedi. Nilidhani atanitukana. Ngamia wake alikuwa analia pale barabarani, tena ngamia wa maziwa. Yule mzee akavua shuka lake, akachukua fimbo yake ya kuchungia, akanifunga mguu. Alipomaliza kunifunga ndipo akachukua kisu akaenda kumchinja ngamia wake. Sitamsahau mpaka naingia kaburini.

Hospitalini nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi. Wauguzi wetu walinihangaikia, Mungu awalipe. Lakini mchanga ulikuwa umeshaingia mfupani. Baada ya muda mguu ukaanza kutoa usaha wa kijani. Niseme ukweli: nilinuka. Wageni waliokuja kunitazama walivuta ncha za mitandio wakaziba pua huku wakiniambia nimependeza. Haja zote nilimalizia kitandani, kwenye beseni, na binti yangu Hodhan ndiye aliyenisafisha. Mimi niliyemfunga nepi sasa natazama dari ili macho yetu yasikutane.

Daktari akaja, akafunua bandeji, akakaa kando ya kitanda. Daktari akikaa, jua mambo si mazuri. Akasema, "Dada Safia, unahitaji upasuaji mwingine mkubwa wa kusafisha mfupa. Tukichelewa, usaha ukapanda kwenye goti, tutakata."

Ndipo nilipoanza kuuliza: nani atasimama aseme mguu huu ni jukumu lake?

Nilipiga simu kwa wale wa sauti laini. Wakaniambia pole, wakasema malalamiko yangu yamepokelewa. Nikawauliza, "Na wale wengine mliowatengenezea siku ile, mmewaonya?" Wakajibu, "Mama, hilo linachunguzwa." Nikaikata simu. Aliyekuwa nyuma yangu pale gereji ni Mwalimu Korane, jirani yetu, ambaye hubeba watoto wake na wa majirani kwenda shule kwa gari lile lile alilotengenezewa. Nikampigia, na meno sina, namwambia usiendeshe, usiendeshe, naye hanielewi. Hodhan akaninyang'anya simu akamweleza. Mwalimu alimwita fundi wa mtaani wakaingia chini ya gari. Alipotoka alinipigia analia. Nati ya paipu mpya ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Basi mwenye kutaka kujua hasira yangu imetoka wapi, imetoka pale. Mwenye kuonya watu alikuwa mgonjwa wa kitandani asiye na meno, siyo kampuni yenye majengo.

Sasa sikilizeni habari ya ngamia. Kwetu mnyama akifa chini ya gari lako, hatuanzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Ukoo wa dereva unakaa na ukoo wa mwenye mnyama, ngamia analipwa, Fatiha inasomwa, na amani inabaki. Mengine yatajulikana baadaye. Adeer Hussein, mdogo wa baba yangu, alilisimamia jambo hilo mimi nikiwa bado sijitambui. Ngamia wa Mzee Gedi akalipwa kwa ngamia.

Siku mwakilishi wa wakala wa kiwanda, wale wa sauti laini, alipokuja hospitalini, adeer na mama yangu walikuwa kando yangu. Mwakilishi alileta shada la maua. Nilimwona mama yangu akilitazama, nikajua anajiuliza kama mbuzi watalila.

"Pole sana mama," akasema. "Kampuni iko na wewe."

Adeer akajikohoza. Alikuwa amejiandaa. Alitaka kumtia yule mtu aibu, maana kwetu mtu akisikia mwenzake amelipa haraka, naye huona haya kuchelewa.

"Kijana," akamwambia, "sisi watu ya huku hatukimbii. Ngamia ya Mzee Gedi tumelipa, hata huyu msichana hajafungua macho. Sasa nyinyi na kampuni kubwa hivyo, mguu yake mtakimbia?"

Yule mtu hakuona haya. Aliinua kichwa, macho yakang'aa. "Kwa hivyo familia ilikubali kosa?"

"Tulikubali ngamia," adeer akasema. "Kosa ni kitu ingine."

Lakini yule alikuwa ameshapata alichotaka. Haikupita muda wakili wao akaniambia kwa simu kwamba jamaa zangu walikwisha kukiri kuwa uendeshaji wangu ndio uliosababisha ajali, na ushahidi ni ngamia. Desturi ya baba zetu ya kuzuia damu isimwagike, wameigeuza kamba ya kunifunga mimi! Adeer aliposikia hakula siku ile. Nilimwambia hakukosea. Aliongea na mtu akidhani anaongea na muungwana.

Nikaanza kuzungushwa. Kiwanda kikasema paipu mpya ni nzima, tatizo ni ufungaji, muulizeni wakala. Wakala akasema mafundi si wake, aliwakodi kwa mtu. Mwenye mafundi akasema vijana wake walifuata maagizo ya kiwanda. Jambo moja tu waliafikiana wote watatu, kwamba aliyeshika usukani ni Safia. Mimi sikuomba kutengenezewa gari! Breki zangu zilikuwa na kasoro yenu, mkaniita wenyewe, mkazifungua kwa mikono yenu, mkazifunga vibaya kwa sababu mlikuwa na haraka ya kulala kwenu. Hapo swali gumu liko wapi? Aliyeniita ndiye anayepaswa kunijibu. Wakimaliza na mimi, wakadaiane wao kwa wao huko.

Mwisho wakaniletea maneno mapya. Watatoa msaada wa huruma kwa ajili ya upasuaji, mradi nikubali kwamba hakuna mwenye kosa. Mguu unanuka, daktari ananihimiza, na mtu ananiambia hivyo. Nilimtazama Hodhan. Alisema, "Hooyo, mama yangu, kataa." Nikakataa. Walionisaidia ni wanawake wa maziwa wa soko letu, ukoo wangu, na Mwalimu Korane aliyepitisha mchango mpaka kwa wazazi wa watoto anaowabeba. Nilipelekwa chumba cha upasuaji nikisoma shahada. Walifungua mguu, wakakwangua mfupa, wakatoa kilichooza.

Nilipozinduka nilipeleka mkono chini kabla ya kuuliza jina la mtu yeyote. Mguu ulikuwepo. Alhamdulillahi.

Kupona kwenyewe si kama wanavyosimulia. Mara ya kwanza kusimama nilijikojolea kwa maumivu mbele ya mtaalamu wa mazoezi, kijana wa umri wa mwanangu. Akasema, "Mama, hata wanajeshi hujikojolea hapa. Inua mguu." Niliinua. Siku nyingine nilimtukana, na yeye akanipa mpira wa kukanyaga. Mguu umekuwa mfupi kidogo, kiatu cha kulia kimeongezwa soli. Baridi ikija mfupa unauma. Natembea na fimbo mpaka sokoni, nakaa kwenye kiti, nauza. Meno nimewekewa, na wateja wanasema ulimi haukupata ajali.

Niliwashtaki, na kesi iko mahakamani. Mzee Gedi alikuja kutoa ushahidi mwenyewe, bila kuitwa mara mbili. Wakili wao alipomuuliza kwa nini basi alilipwa ngamia, alimjibu kupitia mkalimani: "Nililipwa ili watoto wetu wasichukiane. Huyu mama alimkwepa ndama wangu. Mtu asiye na breki akikwepa, utamlaumu kwa lipi?" Hukumu bado. Nitasubiri, mguu ninao wa kusubiria.

Ninyi wagonjwa wenzangu, daktari akisema kusafisha, msicheleweshe mkienda kwa waganga wa mifupa wa vichochoroni kwanza. Harufu isiwafanye mjifiche. Anayekusafisha anakupenda, mwache akusafishe. Na ninyi wenye magari yaliyoitwa, nendeni mkarekebishiwe, kwa sababu kasoro ni kasoro. Lakini usiondoke mpaka fundi aliyelala chini ya gari lako akuambie jina lake, na umpandishe ndani aliendeshe na kulisimamisha yeye mwenyewe. Akikuambia enda tu, usiende. Na mtu wa kampuni akija na maua, mwache kwanza aongee yeye.

Juzi mama yangu, ambaye ananiona ninavyowaka kila nikipokea simu ya wakili, alinisogelea akanishika goti. "Samehe, mwanangu," akasema. "Mwili umepona. Samehe, na moyo upone."

"Nimsamehe nani, hooyo?" nikamuuliza. "Niletee mmoja wao. Aje akae kwenye mkeka huu, aseme, ni sisi. Nitamsamehe kabla chai yake haijapoa."

Mama akageuka akatazama mlango. Mpaka leo hakuna aliyebisha hodi.